Sabufa Imefika Makorora: Makosa Kumi, Tukihesabu Kinyumenyume

Boksi likiingia mtaani Makorora halihitaji kutangazwa. Linakuja limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli, na mwenye nalo anaisukuma badala ya kuipanda, taratibu, kama anayesindikiza mgonjwa. Watoto wanafuata. Barazani wazee wanasimamisha bao. Ubavuni mwa boksi pamechorwa spika tano na sabufa, na nyuma yake moto unawaka. Ikifika Magharibi mtaa mzima unajua nani kanunua, kanunua wapi, na kwamba mkewe kaambiwa bei nyingine.

Kisha napigiwa simu mimi. Mimi si fundi. Niliwahi kumrudishia jirani sauti ya TV kwa kubonyeza tena kile kitufe cha kunyamazisha, na tangu siku hiyo cheo kikaning'ang'ania. Malipo yangu ni chai na mkate wa kumimina, pengine na lawama za kwenda nazo nyumbani. Safari ya mwisho nimeitwa na mjomba wangu, na nyumba yake peke yake imenipa makosa ya kutosha kuandika haya. Machache nimeazima kwa majirani.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kwetu seti nzima inaitwa sabufa, spika ndogo zote zikiwemo, kama sabuni yoyote ya unga ilivyokuwa Omo kwa mama zetu. Likumbuke jina hilo. Tutakutana nalo tena kwenye namba moja.

10. Kuiamini namba ya kwenye boksi

"Wati elfu kumi," mjomba aliniambia, akiligonga boksi kama mtu anayechagua tikiti maji. Chini ya ile namba, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: PMPO. Hiyo ni nguvu ambayo mashine ingetoa kwa kufumba na kufumbua kope, kwa hesabu ya muuzaji mwenye matumaini makubwa. Herufi za kutafuta ni RMS, nguvu inayotoka mfululizo bila mashine kulia mama yangu. Ukiikosa, geuza sabufa usome kile kibandiko cha nyuma. Ya mjomba iliandikwa 230V, 50Hz, wati 60. Kinachoingia ndicho hicho, na kinachotoka mfululizo hakiwezi kukizidi hata ukikisomea kombe.

Hesabu yenyewe nyepesi. Wati 10,000 ni yuniti 10 za Luku kila saa. Mjomba yuko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Boksi lingekuwa linasema kweli, angeiwasha sabufa saa saba na nusu mchana baada ya sala ya Ijumaa, na saa tatu usiku yuniti za mwezi mzima zimekwisha, wako gizani.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Lakini huu moto waliouchora?"

9. "Waya ni waya"

Sentensi hiyo imeua besi nyingi Tanga kuliko chumvi ya bahari. Waya wa spika una chanya na hasi. Ukiugeuza kwenye spika moja, hakuna kitakachoungua wala kutoa moshi, spika italia kama kawaida, na ndiyo maana mtu hukaa na kosa hilo miaka mitatu. Spika ya kulia ikisukuma hewa, ya kushoto inaivuta. Ni kama watu wawili wanaoshusha ngalawa majini, mmoja anasukuma kwenda baharini, mwenzake kakamata omo anairudisha pwani. Jasho linawatoka wote na chombo hakiendi. Besi zinafutana katikati ya chumba, na mwimbaji unamsikia kama yuko bafuni kwa jirani.

Sasa mjomba alikuwa amenunua ule waya mweupe wa taa, pande zote mbili rangi moja. Hapo chomoa betri moja ya rimoti, ile ya volti 1.5. Toa wavu wa spika uone koni. Shika ncha moja ya waya kwenye kitako cha betri, nyingine igusishe kwenye ile chuchu ya juu, mara moja uachie. Usiing'ang'anie, huu si mkono wa Idi. Utasikia "tk". Koni likiruka mbele, waya uliogusa chuchu ndio chanya, ufunge fundo dogo ukumbuke. Likinywea ndani, ndio hasi. Tulifanya spika zote tano, na mbili tukazikuta zimefungwa kinyume. Mjomba akataka kurudia mara ya sita kwa raha tu ya kuona koni likiruka.

Kuhusu unene, kwa sebule zetu waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha na kusaza. Uchungu unakuja pale unapoumenya kwa meno. Uzi mmoja wa shaba ukitoroka ukagusa tundu la pili, amplifaya inajizima, na unaambiwa umeuziwa feki.

8. Sabufa mvunguni

Au nyuma ya mlango. Au juu ya friji, niliiona kwa macho yangu, na friji ikiwaka zote mbili zinatetemeka kama zina homa moja.

Mjomba, ya kwake aliisukumia pembeni kabisa, nyuma ya kochi, "ili isionekane." Pembe ya ukuta inaikuza besi, hilo ni kweli, na kwa dakika tano unafurahi. Kisha unagundua kuwa kila wimbo una noti moja tu: buu. Sababu ni ukubwa wa mawimbi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya Hz 50 ina wimbi la karibu mita 7. Sebule ya mjomba ni mita tatu na nusu kwa nne. Wimbi haliwezi hata kujinyoosha, linagonga ukuta, linarudi, linajikuta lenyewe njiani. Mahali pengine mawimbi yanapandana, besi inakuwa tope, na mahali pengine yanafutana, husikii kitu. Kwa bahati ya mjomba, mahali pa kufutana palikuwa pale pale kwenye kochi lake mwenyewe. Kalipia besi, na anayeisikia ni mbuzi uani.

Dawa yake haigharimu senti, inagharimu heshima tu. Ibebe sabufa uiweke juu ya kochi, mahali unapokaa. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, usiwe wa kugonga tu. Kisha piga magoti, tambaa kuzunguka chumba, sikio likiwa chini usawa ambao sabufa itakaa. Pale ambapo kila noti unaisikia kwa uzani mmoja, hapo ndipo mahali pake. Kinachosafiri kutoka kochini kwenda pale kitarudi vilevile kutoka pale kuja kochini.

Mjomba alikuwa amefika chini ya dirisha, kanzu imekunjwa magotini, sikio sakafuni, mkazamjomba alipoingia na sinia la chai. Akatutazama. Akaliweka sinia. "Pesa gani imewaangukia?" Hakuna aliyejibu. Akaenda kuwaita watoto waje nao watafute.

Sabufa ilikaa chini ya dirisha, sentimita arobaini kutoka pembeni. Vioo vya luva vikaanza kuitikia. Vipande vya mpira wa ndala iliyokatika, kimoja kila kioo, vikavinyamazisha.

7. Spika za nyuma ziko mbele

Kwa jirani mmoja, zote tano juu ya kabati la TV, zimejipanga bega kwa bega kama timu inayopigwa picha Mkwakwani kabla ya mechi. Mnapiga picha au mnacheza?

Tumia saa ya ukutani. Ulale chali kwa mawazo, wewe katikati ya saa, TV iko kwenye saa sita. Spika za mbele zikae saa tano na saa saba, si mbali zaidi. Zile za pembeni, ambazo boksi linaziita za nyuma, zikae upande wa kushoto kati ya saa mbili na saa tatu, na wa kulia kati ya saa tisa na saa kumi, juu kidogo ya masikio ya mtu aliyekaa. Sebule nyingi za Makorora kochi limeegemea ukuta, huna nyuma. Basi zitundike kwenye kuta za ubavuni, mbele kidogo ya hapo, uishi. Usizielekeze darini. Huko wapo mijusi tu.

6. Kalamu kwenye tundu la tatu

Usijifanye hujui. Seti imekuja na pini mbili nyembamba, ukutani soketi ina matundu matatu ya mraba tuliyoachiwa na Mwingereza, na vile vifuniko vya ndani havifunguki mpaka tundu la juu lisukumwe. Mtoto kakosa kalamu ya kuandikia kazi ya shule kwa sababu kalamu ya nyumba iko ukutani. Imesimama pale wiki ya pili, kama bendera.

Adapta inauzwa bei ya sahani moja ya urojo. Pini iliyolegea inacheza, inatoa cheche, inapata moto, na plastiki ikianza kunuka utasema ni hujuma ya mtu. Halafu mzigo wenyewe: ekstensheni moja, imebeba TV, king'amuzi, sabufa, friji na pasi. Siku pasi ilipowashwa katikati ya sinema, sinema ndiyo iliyopigwa pasi.

Ukisikia mvumo mnene usiokatika hata wimbo umesimama, huo mara nyingi ni umeme wenyewe, Hz 50, unaopita kwenye nyaya za sauti kwa sababu dishi, TV na amplifaya kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini. Chomoa waya mmoja mmoja wa nyuma mpaka mvumo ukate. Uliokatia hapo ndio mshtakiwa. Mara nyingi ni ule unaotoka kwenye dishi, na kuvichomeka vyote mahali pamoja kunaupunguza.

5½. Kitambaa cha kufuma

Haikuwemo kwenye orodha. Mkazamjomba kaniuliza kama nitaandika na hili, kwa sauti ya mtu anayetaka nisiandike.

Kila spika ilikuwa na kitambaa chake, ua jekundu katikati, kingo za njano. Kazi safi, sisemi. Lakini kile cha juu ya sabufa kilikuwa kimeziba matundu ya kupumulia, na ndani ya mashine mna joto kama Tanga ya Februari. Chini ya vitambaa, spika bado zilikuwa kwenye mifuko yake ya nailoni. Kitambaa cha matundu sauti inapita. Nailoni inazuia zile sauti nyembamba zote, herufi "s" inakuwa uvumi. Tuliafikiana hivi: nailoni itoke, vitambaa vibaki juu ya spika bila kushuka usoni, sabufa ikae kichwa wazi. Mazungumzo ya Maziwa Makuu yamewahi kwisha haraka kuliko hayo.

5. Kuchomeka panapoingia tu

Nyuma ya TV ni giza, vumbi na imani. Watu huchomeka kwa kufuata umbo: panapoingia ndipo penyewe. Nyumba ya pili kutoka kwa mjomba waya wa njano ulikuwa kwenye tundu jekundu, nao walikuwa wanasikiliza picha. Wakasema ina mkwaruzo kidogo.

Zile tundu tatu za duara ni rahisi. Njano ni picha. Nyekundu sauti ya kulia, nyeupe ya kushoto. Ukiunganisha sabufa na TV, njano haina kazi, iache ining'inie. Muhimu ni neno lililoandikwa juu ya tundu. Kwenye TV unatafuta OUT, kwenye sabufa unatafuta IN. Sauti inatoka kwa mwenye nayo kwenda kwa asiye nayo, kama mkopo.

HDMI ina mtego wake. TV ina tundu tatu zinazofanana kama pacha, lakini moja tu imeandikwa ARC. Hiyo peke yake ndiyo inayoweza kurudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye mashine, ujanja ulioingia mwaka 2009. Zile nyingine mbili zinapokea tu. Ukikosea, waya mzima, TV nzima, sabufa nzima, na kimya kizima.

Kisha kuna lile tundu lenye taa nyekundu ndani. Si hitilafu, usiite fundi. Hapo sauti inasafiri kwa mwanga, mfumo ambao Toshiba waliutoa mwaka 1983. Waya wake unauzwa ukiwa umevishwa kofia ndogo ya plastiki kwenye kila ncha. Kwa mjomba nilikuta umesukumwa na kofia yake, kwa nguvu, kwa kisigino cha kiatu. Tulitoa kofia kwa kibano cha nyusi cha mkazamjomba, na bado hajarudishiwa.

Yote yakiwa sawa na bado kimya, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, tafuta neno PCM, lichague. Seti nyingi za bei yetu hazielewi lugha nyingine, na hazina aibu ya kunyamaza.

4. Bluetooth isiyo na mwenyewe

Sabufa ikiwa wazi, ni ya mtaa. Mjomba yuko kwenye taarifa ya habari, msomaji anafungua mdomo, kinatoka singeli. Kijana wa nyumba ya nyuma, simu yake imeshajuana na mashine na haiombi ruhusa. Badilisha nywila kama ipo. Kama haipo, tumia waya.

Na hata simu ikiwa yako, sauti ya Bluetooth inachelewa, aghalabu sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa wimbo haidhuru. Kwa filamu utaona mlango umefungwa, mtu kakaa, ndipo "pwaa!" Ndiyo desturi ya Makorora kwenye mpira: goli la Coastal Union hufungwa mara tatu. Kwanza kwenye redio ya muuza kahawa, halafu kwenye king'amuzi cha mjomba, halafu kwenye simu ya yule anayetazama kwa bando. Wa tatu anashangilia peke yake, wenzake wameshaanza kulaumu kipa.

3. Kuipa makapi ikupe mchele

Nyimbo mia nane kwenye flashi moja, zimekamuliwa mpaka zikabaki maganda, kisha unauliza kwa nini matoazi yanasikika kama mtu anakaanga vitumbua. Mashine haijui kuumba. Inakuza tu ulichoipa, pamoja na uchafu wake.

Lakini kesi nzuri zaidi ni filamu zilizotafsiriwa. Bara tumepata televisheni mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu 1973, kwa hiyo wengi wetu tumelelewa na deki na kibanda umiza. Huko mfalme alikuwa Lufufu, anayemsemea Mchina, Mhindi na Mmarekani kwa mdomo mmoja, na kuwaongezea matusi ambayo hawakuyafikiria. Mjomba ana rundo la kanda hizo alizohamishia kwenye diski. Akaweka moja, akakaa, akangoja helikopta impite kichwani kutoka nyuma kuja mbele.

Haikupita. Sauti ya mfasiri imelazwa juu ya sauti ya filamu, zote kwenye njia moja. Spika tano zilikuwa zinasema kitu kile kile, kama mashahidi waliofundishwa na wakili mmoja. Sauti ya njia sita, ile yenye helikopta, lazima iwe imewekwa humo tangu kiwandani. Majumba ya sinema yaliipata kwa mfumo wa Dolby Digital mwaka 1992, kwenye filamu ya Batman Returns, na Lufufu hakuwemo.

Kwa vitu vya zamani, bonyeza rimoti iandike STEREO, ziache spika mbili za mbele zifanye kazi. "Na hizi tatu?" mjomba akauliza. Zipumzike. Zina vitambaa.

2. Kusahau kwamba ukuta haufiki juu

Nyumba zetu nyingi ni vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na ukuta unaishia kabla ya bati. Sauti nyembamba inaweza kuzuiwa na pazia. Besi haijui pazia, inapanda, inatembea darini, inashukia kwa mpangaji wa chumba cha mwisho mwenye mtoto mchanga. Yeye haisikii filamu yako. Anasikia ugomvi wa ng'ombe.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Likirudi na mlio kama wa sarafu, chumba kiko wazi mno, tailizi chini, saruji pembeni. Tandika zulia au mikeka miwili, shusha pazia zito, lete makochi ya sponji. Adhana ikianza, zima kabisa. Kuna anayepunguza mpaka mbili akadhani inatosha, na huyo ndiye anayetajwa kwa mafumbo kwenye mawaidha ya baada ya Alasiri.

1. Kununua nukta moja

Boksi linasema 5.1. Tano ni spika za sauti kamili. Ile moja ya baada ya nukta ni sabufa, na iliwekewa nukta kwa sababu kazi yake ni kipande kidogo cha chini tu, kisichozidi Hz 120. Sasa rudi kwenye lile jina. Seti nzima tumeiita sabufa. Tumelipia sita, tukachukua nukta, na zile tano zimekuja kama nyongeza ya muuza machungwa.

Najua utasema Mtanga ana haki na besi. Kweli anayo, na ni haki ya kihistoria. Black Star Musical Club wa hapa Tanga ndio waliopiga taarab kwa magitaa ya umeme na gitaa la besi, bila lile kundi kubwa la fidla la Unguja, na Lucky Star wakafuata. Mwaka 1989 GlobeStyle ya Uingereza ikazikusanya nyimbo za vikundi hivyo viwili kwenye albamu ya Nyota, Wazungu nao wakatikisa vichwa. Lakini sikiliza vile gitaa lile linavyokaa. Linapita chini, linabeba, na mwimbaji Shakila yuko juu yake, kila neno limenyooshwa kama kanga iliyotoka kwenye pasi. Taarab bila maneno ni harusi bila bibi harusi.

Bibi yangu, mama yake mjomba, hukaa kwenye mkeka mlangoni mwa sebule. Muda wote nilipokuwa nahangaika na nyaya alikuwa anatazama tamthilia ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kila baada ya dakika mbili anauliza, "Kasema nini?" Mkazamjomba anamjibu. "Na huyu je, kasema nini?" Walimpeleka hospitali kupimwa masikio. Masikio mazima.

Spika ya kati, ile ndefu inayolala, ndiyo inayobeba mazungumzo ya watu kwenye filamu. Mjomba alikuwa ameiweka ndani ya kabati la TV, nyuma ya mlango wa kioo, kando ya vikombe vya wageni. Nikaitoa, nikaiweka mbele kabisa ya kabati chini ya TV, nikaiinua pua kwa kipande cha kadibodi imtazame mtu usoni. Kwenye rimoti nikaiongeza desibeli tatu. Zile mbili za mbele nikazishusha mpaka usawa wa masikio ya aliyekaa. Sabufa nikaipunguza nusu, kisha nikapunguza tena mjomba alipotoka kupokea simu.

Aliporudi akasimama mlangoni. "Umeiharibu. Haigongi."

"Ngoja," nikamwambia. Nikabonyeza STEREO, nikaweka Black Star, ile flashi safi niliyokuja nayo mwenyewe.

Gitaa likaingia, besi ikapita chini polepole, halafu Shakila. Bibi alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo. Akasikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, midomo ikimfuata, kisha midomo ikakosea njia, ikafunga.

"Kumbe hivyo ndivyo asemavyo?"

"Ndivyo, bibi."

"Miaka yote hii mimi naimba neno jingine." Akatazama ungo. "Nimeliimba harusini, mbele za watu, kumwimbia mke mwenzangu. Ndiyo maana alicheka."

Mjomba akaunyoosha mkono kuchukua rimoti, arudishe besi yake. Bibi akampiga kibao cha mkono bila kumwangalia.

"Iache. Nirudishie mwanzo."